Maneno ya Kumtafutia Mwenza wa Hadithi Mtandaoni

Mtu anayejiunga kwa mara ya kwanza na tovuti ya kuigiza hadithi kwa maandishi huwa na hofu ya kuandika vibaya, ilhali kazi inayowatoa wengi jasho ni kumpata mtu wa kuandika naye. Nawaandikia wale waliokwishajiunga, wakaweka tangazo, wakajibiwa na watu wawili watatu walioyeyuka baada ya muda mfupi, kisha wakafunga akaunti wakiamini kwamba mgeni kutoka Afrika Mashariki hana wa kucheza naye. Wenza wapo. Kinachotushinda ni maneno tunayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu wengi wetu tunatafuta hadithi tunayoitaka badala ya kumtafuta mtu atakayedumu ndani yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni huu: watu wawili au zaidi hutunga hadithi moja kwa zamu, kila mmoja akimsemea mhusika wake, na hakuna anayeruhusiwa kumtia maneno kinywani mhusika wa mwenzake. Chimbuko lake liko kwenye michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974, na kwenye MUD, mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu ulioanzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Kwa watu wa pwani jambo la kujibizana kwa zamu si geni, maana Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na washairi wa Lamu karne mbili zilizopita. Tofauti ni kwamba Muyaka aliwajua aliokuwa akilumbana nao, nami nilikuwa namtafuta mtu nisiyemjua jina, sura wala tabia, miongoni mwa matangazo yasiyohesabika yaliyoandikwa kwa Kiingereza.

Nilichotaka mimi kilikuwa hadithi ya Kilwa. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, mchana kutwa nashinda na ankara na hati za mizigo, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimuwaza mfanyabiashara wa Kilwa Kisiwani wa zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alifika mjini kwake mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipita mikononi mwa watu wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa likiitazama bahari kutoka juu ya genge. Niliandika neno “Kilwa” kwenye kisanduku na sikupata hata tangazo moja. Niliandika “Swahili” nikapata wahusika wachache waliopewa majina ya Kiswahili, wengi wao wakiwa simba. Niliandika “Africa” nikaletewa watalii waliopotea porini. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na sikushangai ukiwa ni mmoja wao.

Basi nikapanua wigo na kutafuta “historical”. Matokeo yalifurika: Uingereza ya mabibi na mabwana wa karne ya 19, Waviking, Vita Kuu ya Pili, na hapa na pale Roma. Niliwaandikia waliosema wako tayari kwa zama yoyote. Mmoja aliipenda Kilwa mno, lakini kila zamu yake ilikuwa mistari mitatu, na mhusika wake alikuwa akikubali tu kila nilichosema, kama mteja aliyekwisha kuamua kutonunua. Mwingine aliandika vizuri kuliko mimi, akaniomba historia nzima ya mhusika wangu, ukoo wake, deni lake kwa mfanyabiashara wa Kigujarati na sababu ya kuachana na mkewe wa kwanza. Nikaandika usiku kucha, akaisifia, na tangu siku hiyo sikumsikia tena. Kuachwa kwenye mataa na mtu usiyemfahamu huonekana jambo dogo ukimsimulia mtu sebuleni, lakini ndani ya moyo lina uchungu wake, kwa sababu ulichokuwa umempa ni kitu ulichokitunga mwenyewe na sasa hakina pa kwenda.

Gharama nyingine ni za kawaida, lakini lazima zisemwe. Bando huisha, kwa kuwa kurasa hizo hufunguliwa kwa wingi na nyingi zimejaa picha. Usingizi nao hupungua, kwa sababu saa zetu haziendi na za wenzetu. Saa 3 usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni saa 7 mchana New York wakati wa baridi na saa 8 mchana wakati wa kiangazi, kwani sisi hatugeuzi saa na wao hugeuza. Los Angeles wakati huohuo ni asubuhi ya saa 4 au saa 5. London iko karibu zaidi, nyuma yetu kwa saa 3 au 2. Kwa hiyo Mwingereza anayeandika baada ya kutoka kazini anakukuta bado uko macho, ilhali Mmarekani anayeandika usiku wake anakuandikia wewe ukiwa umelala au uko kwenye foleni ya daladala. Wote wawili wanaweza kukufaa, mradi ujue tangu mwanzo ni yupi utajibizana naye papo hapo na ni yupi mtabadilishana zamu moja kwa siku.

Kwa kuwa jambo la saa lilinigusa hivyo, nilijaribu kutafuta kwa vifupisho vya majira, na hapo ndipo nilipolazimika kujifunza jinsi kisanduku chenyewe kinavyofanya kazi. Niliandika “GMT”, yaani majira ya Greenwich, na tovuti ikaniambia hakuna kitu, ingawa tangazo lenye neno hilo nilikuwa nimelisoma dakika chache kabla. Sababu ni ya kiufundi. Tovuti nyingi za muda mrefu huhifadhi maandishi yake kwenye MySQL, programu ya kutunzia data, na katika aina ya majedwali iitwayo MyISAM mpangilio wa asili hauingizi kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno yanayoweza kutafutwa, neno lenye herufi pungufu ya 4. Vifupisho karibu vyote vya wachezaji wa mchezo huu, vya majira, vya wahusika, vya idadi ya wachezaji, ni vya herufi 2 au 3, kwa hiyo kwa mashine hiyo havipo duniani. Isitoshe, katika utafutaji wake wa kawaida neno linaloonekana kwenye zaidi ya nusu ya maandishi yote hupuuzwa, na ndiyo maana mtu akitafuta “character” mahali ambapo kila mtu anazungumzia wahusika anaweza kurudishiwa ukurasa mtupu. Tangu nijue hilo, badala ya kifupisho huandika neno zima ambalo mtu angelitumia katika sentensi: “evenings”, “weekends”, “London time”, “European”.

Ambapo tovuti inaruhusu alama, zitumie. Alama ya kujumlisha mbele ya neno hulazimisha neno hilo liwepo, alama ya kutoa huliondoa, na alama za kunukuu hushikilia maneno kadhaa pamoja kwa mfuatano wake. Usiandike maneno ya kuondoa peke yake, maana mashine ikiambiwa tu isichokuwa na ruhusa kukileta haitaleta chochote. Na kuna mtego mmoja ambao sijaona mtu akiutaja. Mimi sitaki hadithi za mapenzi, kwa hiyo nilikuwa nikiandika “-romance”, na kwa muda mrefu nikawa ninawafukuza watu niliokuwa nawatafuta, kwa sababu mtu asiyetaka mapenzi huandika kwenye tangazo lake, tena kwa herufi kubwa, “no romance”. Neno lipo, mashine inaliona, tangazo linatupwa. Siku hizi natafuta sentensi yenyewe ya kukataa, ikiwa ndani ya alama za kunukuu, na nikiona kisanduku cha tovuti hakielewi nukuu naenda Google, naandika “site:” na anwani ya tovuti, kisha maneno yangu, na wakati mwingine “after:” na mwaka ili nisiletewe matangazo ya watu walioacha kuandika zamani. Google haioni sehemu zinazohitaji kuingia kwa nywila, lakini matangazo mengi yako sehemu ya wazi.

Hayo yote ni vyombo tu. Maneno unayovipa ndiyo yenye faida au hasara. Wachezaji hujipachika vyeo vya uandishi, na neno linalopendwa kuliko yote ni “literate”, yaani mtu anayeandika kwa ufasaha na kwa urefu. Sikushauri ulitafute. Karibu kila mtu hujiita hivyo, na niliowapata kwa neno hilo walikuwa wa kila aina, kuanzia mtu wa mstari mmoja hadi mtu anayeandika kurasa tatu kueleza mawingu kabla mhusika wake hajafungua mlango. Kupima urefu na ladha ya mwandishi hakuhitaji cheo alichojipa. Fungua uzi wake wowote, yaani ukurasa wa hadithi moja na zamu zake, usome zamu mbili.

Nililolitaka zaidi lilikuwa mtu asiyetoweka, na hapo niliingia kwenye vichekesho kidogo. Kutoweka bila kuaga kwa Kiingereza cha mtandaoni ni “ghosting”, nami nikatafuta “ghost” nikitarajia watu wenye msimamo juu ya jambo hilo. Nikaletewa mizimu, majumba ya kale na maiti zinazotembea. Nilipolisahihisha neno nikawapata wanaolalamika. Kwa uzoefu wangu, mtu ambaye nusu ya tangazo lake ni malalamiko juu ya waliomkimbia si wa kumwendea haraka. Huenda aliumizwa kweli, na mimi nina sababu ya kumwelewa, lakini mara nyingi uchungu huo hugeuka kuwa ujumbe wa kukuuliza mara tatu kwa siku kwa nini hujajibu.

Njia iliyonifaa niliipata nilipokuwa nasoma uzi mrefu wa watu wawili nisiowajua, hadithi ya nahodha na mpishi wake. Juu ya moja ya zamu, kabla ya hadithi kuendelea, mmoja alikuwa ameandika sentensi fupi ya kuomba radhi kwa kuchelewa: alikuwa na mitihani. Nikashuka chini, baada ya zamu kadhaa mwenzake naye akaomba radhi, alikuwa amehama nyumba. Nikagundua kwamba mtu anayetoweka haombi radhi popote. Anayeomba radhi ni yule aliyerudi. Nikaacha sehemu ya matangazo, nikaingia sehemu ya hadithi zenyewe, nikatafuta “sorry for the wait” na “apologies for the delay”, nikipanga matokeo kuanzia mapya. Kila jina lililotokea lilikuwa la mtu aliyewahi kuchelewa, akakumbuka kwamba kuna mwenzake anayemsubiri, akarudi. Baada ya hapo nilichobakiza ni kuangalia kama ladha zetu zinakaribiana.

Hata hivyo kuomba radhi peke yake hakutoshi, kwa hiyo humsoma mtu kuanzia mwisho. Nafungua hadithi zake zilizokoma na kuangalia zilikomaje. Kama kuna ujumbe wa kuagana, au wahusika walifikishwa mahali pa kupumzikia, nasogea. Kama kila uzi umekatika kwenye zamu ya mwenzake, huenda hakukimbia yeye bali alikimbiwa, na hapo najiuliza kwa nini amekimbiwa na wote. Naangalia pia anavyomtendea mhusika wa mwenzake anapoumia au anaposhindwa. Waandishi ambao wahusika wao hawashindwi kamwe siwafuati, hata waandike kwa kalamu ya dhahabu.

Kuhusu ladha, niliacha kutafuta mahali na zama nikaanza kutafuta mambo ambayo mtu wa hadithi yangu lazima ayafurahie. Hadithi yangu ilikuwa ya deni, mizani, mikataba na kungoja chombo. Nikaandika “merchant”, nikaongeza “debt”, nikaongeza “contract”. Juu kabisa ya matokeo alikuwa mtu aliyetaka hadithi ya wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya Ujerumani ya kaskazini ulioongozwa na Lübeck, na tangazo lake lilieleza kwa mapenzi makubwa jinsi chumvi ya Lüneburg ilivyopelekwa kuhifadhia samaki. Halikuwa na neno moja juu ya Afrika. Jina lake lilikuwemo pia kwenye matokeo yangu ya watu wanaoomba radhi. Nilimwandikia kwamba sina samaki wala chumvi, lakini nina mfanyabiashara aliyekopa nguo za Gujarati kwa ahadi ya kulipa dhahabu ambayo bado iko Sofala.

Alichoniuliza kwanza ni namna mdai wa Kilwa alivyojua tarehe ya kulipwa. Nikamweleza pepo: kaskazi, kuanzia takriban Desemba hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na India, na kusi, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, huvirudisha, na kwamba Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa kusini ambao chombo cha mbali kingeweza kufika na kurejea kwa misimu ya mwaka mmoja, hivyo dhahabu ya Sofala ilihitaji kuletwa Kilwa na vyombo vya pwani. Alifurahi kama mtoto. Deni lililofungwa kwenye msimu wa upepo lilikuwa ndilo jambo alilokuwa akilitafuta Lübeck bila kulipata, na hadithi yetu ilijiendesha yenyewe kwa muda mrefu, zamu moja kila jioni ya London, bila mmoja wetu kuulizwa yuko wapi. Tulipochoka tuliagana vizuri, mfanyabiashara wangu akiwa amelipa nusu.

Kabla ya kufika kwa mtu kama huyo utapita kwa wengine wasio wema, na ni lazima niseme waziwazi. Wako wanaoingia kwenye hadithi za kawaida na kuzivuta taratibu kuelekea chumbani, wako wanaotaka picha yako, na wako wanaosisitiza tangu ujumbe wa pili kwamba mhamie kwenye programu nyingine ambako hakuna msimamizi wa kumripoti kwake. Ondoka bila maelezo. Kwa watu hao kuaga si wajibu. Kwenye tangazo lako andika mipaka yako mapema, na kama una miaka 18 au zaidi sema hivyo na uandike na wa umri huo tu. Na mzazi ambaye mwanawe anacheza michezo hii amuulize anaandika na nani, si anaandika nini tu. Usitaje mtaa unaoishi wala mahali pa kazi, hata mkiwa mmeandikiana kwa mwaka. Mimi mwenzangu wa Hansa alijua kwamba nashughulika na hati za mizigo, na hakujua zaidi ya hapo, wala urafiki wetu haukupungua.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Taja kitu kimoja ulichokisoma kwake, si sifa ya jumla. Sema unaandika mara ngapi na saa ngapi kwa majira yake yeye, ili asipige hesabu. Kisha pendekeza onyesho moja dogo lenye mwisho, kwa mfano wahusika wawili wanapatana bei na kuachana. Kuomba mtu ajifunge kwenye hadithi ndefu kabla hamjaandikiana hata zamu moja ni kumtisha, na kumwandikia historia ya ukoo mzima wa mhusika wako kabla ya onyesho hilo ni kujitafutia maumivu ambayo nimekwisha kuyaeleza. Mkubaliane pia neno la kuagia. Sisi tulikubaliana kwamba atakayechoka ataandika “chombo kimeng’oa nanga”, na mwingine hataulizia sababu.

Jambo la mwisho nililibadilisha kwenye tangazo langu mwenyewe, kwa sababu kama mimi natafuta kwa maneno basi na wengine wanatafuta kwa maneno, na tangazo langu la kwanza halikuwa na hata moja ambalo mgeni angeliandika kwenye kisanduku. Nilikuwa nimesema “hadithi ya kihistoria ya bahari”, kwa Kiingereza kizuri kisichopatikana. Nikaongeza Kilwa, Sofala, Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki, majahazi, upepo wa msimu, dhahabu, deni, sarafu, kila moja ndani ya sentensi ya kweli, kwani rundo la maneno yasiyo na sentensi huonekana kama tangazo la ulaghai.

Aliyenipata kwa njia hiyo anaishi kaskazini mwa Australia, na alikuwa ametafuta “Kilwa” kwa sababu mwaka 1944 sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kwenye mwambao wa kaskazini wa nchi yake, na hajaacha kujiuliza zilifikaje. Nikiandika saa 12 asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwake ni saa 6 na nusu mchana, wakati wa chakula, na hapo ndipo anaponijibu. Swali lake la kwanza lilikuwa iwapo wauza dhahabu wa Sofala wangeipokea sarafu ya shaba ya Kilwa. Nikamjibu kwamba mhusika wangu asingeipokea, naye mhusika wake akaanza kubishania bei papo hapo.